Pembe Ndani ya Duara

Mtu akichora duara, akatia alama mbili juu ya mzingo wake, kisha akaziangalia kutoka mahali po pote pengine juu ya mzingo ule ule, maadamu hakuvuka kwenda upande wa pili wa alama zile, pembe iliyo baina yao machoni pake ni moja tu. Akisogea kulia au kushoto, akikaribia alama moja na kuiacha nyingine mbali, pembe haiongezeki wala haipungui. Akiuacha mzingo akaenda kusimama katika kitovu, pembe ile huwa maradufu. Mwanafunzi wa leo hupewa maneno haya kwa somo moja. Huyaandika katika daftari, hufanya mazoezi kumi ya kutafuta pembe isiyojulikana, akapita. Hapana ubaya katika hayo. Lakini yafaa ijulikane kwamba kanuni hii, fupi kama ilivyo, iliwashughulisha wanazuoni kwa zaidi ya miaka elfu mbili, na kwamba sehemu kubwa ya muda huo haikutumika kuuliza kama ni kweli. Walichouliza ni kweli hata wapi.

Kabla ya kuingia katika habari yenyewe, maneno mawili matatu yataka kuwekwa sawa. Kiswahili huita pembe kile kilicho kichwani mwa ng'ombe, na pia kile kilichomo baina ya mistari miwili inayokutana. Wayunani nao hawakuwa mbali na fikira hiyo: ile nafasi nyembamba iliyo baina ya mzingo wa duara na mstari unaougusa waliiita pembe yenye umbo la pembe ya mnyama, na walibishana sana kama yastahili kuhesabiwa kuwa pembe hasa.  Mstari unaounganisha nukta mbili za mzingo Wahindi waliuita uzi wa upinde, na Waarabu vivyo hivyo. Kiswahili kina neno lake la kale la uzi wa upinde, nalo ni upote. Hilo ndilo litakalotumika hapa, na kipande cha mzingo kilicho juu ya upote kitaitwa tao.

Watu walitumia kanuni hii kabla ya kuwa na kanuni. Bamba moja la udongo la Wababeli, lililoandikwa yapata miaka 1700 kabla ya kuzaliwa Kristo na kuhifadhiwa sasa katika Jumba la Makumbusho la Uingereza huko London, lauliza swali hili: mzingo ni 60, na kutoka katikati ya upote hata kilele cha tao ni 2, upote una urefu gani? Mwandishi achukua mzingo kuwa mara tatu ya kipenyo, hivyo kipenyo ni 20. Kutoka katika 2 apata 4, naye aitoa katika 20, zabaki 16. Kisha atoa mraba wa 16 katika mraba wa 20, zabaki 144, na kipeo chake ni 12. Hilo ndilo jawabu, na ni sahihi. Anayelichora jambo hilo juu ya karatasi ataiona pembetatu iliyokaa ndani ya nusu duara, upande wake mrefu ni kipenyo chenyewe, na pembe iliyo juu ya mzingo ni pembe mraba. Mwandishi hakusema neno juu ya pembe. Alijua njia ya hesabu, na jawabu lilimtosha.

Wayunani wa baadaye walipenda kila jambo liwe na mwanzilishi mwenye jina. Diogenes Laertius, aliyeandika katika karne ya 3 baada ya Kristo, asimulia kwa ushahidi wa mwanamke aitwaye Pamphila kwamba Thales wa Mileto, baada ya kujifunza elimu ya maumbo kwa Wamisri, alikuwa wa kwanza kuiandika pembetatu yenye pembe mraba ndani ya duara, na kwa furaha akachinja fahali wa kafara. Mara Diogenes aongeza kwamba wengine wasema aliyefanya hivyo ni Pythagoras. Thales aliishi karibu na mwaka 585 kabla ya Kristo, na Pamphila aliandika katika zama za mfalme Nero. Baina yao yapata miaka mia sita. Shahidi wa namna hiyo hafai mahakamani, wala hafai sana katika historia. Lakini hadithi ya fahali yaonyesha jinsi watu walivyolithamini jambo lenyewe.

Ushahidi ulio imara zaidi hutoka kwa Aristotle, aliyefariki mwaka 322 kabla ya Kristo. Katika kuzungumza juu ya sababu za mambo, auliza mahali pamoja kwa nini pembe iliyomo katika nusu duara ni pembe mraba. Jawabu lake ni kwamba mistari mitatu ni sawa: nusu mbili za kipenyo, na mstari uliosimama wima kutoka katikati. Kweli, mistari hiyo hufanya pembetatu mbili zenye pande mbili sawa, kila moja ikiwa na nusu ya pembe mraba pale juu, na nusu mbili ni moja kamili. Hata hivyo uthibitisho huo wamfaa mtu aliyesimama kileleni mwa tao. Aliyesimama pembeni hauhusiki naye, ila kama amekwisha kujua kwamba pembe haibadiliki mtu anaposogea juu ya tao. Kwa hiyo yamkini Wayunani wa zama za Aristotle walikuwa wanaijua kanuni kubwa tayari, na walikuwa wakiitegemea kimya kimya. Hippocrates wa Chios, aliyepima maumbo ya mwezi mwandamo karne moja kabla yake, alikwisha kusema kwamba vipande vya duara vilivyo mfano mmoja huwa na pembe zilizo sawa.

Ndipo alipokuja Euclid wa Alexandria, karibu na mwaka 300 kabla ya Kristo, akaiweka kanuni hiyo mahali pake katika kitabu cha tatu cha Misingi, ikiwa ya 20. Uthibitisho wake ni mfupi na hauna hila. Alama mbili na ziwe A na B, mtazamaji juu ya mzingo awe C, na kitovu kiwe K. Uchorwe mstari kutoka C kupita K hata D upande wa pili. Sasa KC na KA ni sawa, kwa kuwa kila mmoja ni nusu ya kipenyo. Basi pembetatu KCA ina pembe mbili sawa, moja kwenye C na moja kwenye A. Pembe ya nje, yaani DKA, ni jumla ya hizo mbili, kwa hiyo ni mara mbili ya ile ya C. Vivyo hivyo kwa upande wa B. Kama kitovu kimo ndani ya pembe, jumlisha. Kama ki nje yake, toa. Pembe ya kitovu ni mara mbili ya pembe ya mzingo, na mambo yamekwisha.

Katika kanuni hiyo moja Euclid alichuma nyingine tatu. Ya 21 yasema kwamba pembe zote zilizomo katika kipande kimoja cha duara ni sawa. Ya 22 yasema kwamba pembenne iliyomo ndani ya duara ina pembe zinazokabiliana ambazo jumla yao ni pembe mraba mbili. Ya 31 ni ile ya nusu duara, iliyoleta habari za fahali.

Lakini ndani ya jengo hili zuri mlikuwa na ufa. Kwa Euclid, pembe ni mwinamo wa mistari miwili inayokutana bila ya kuwa mstari mmoja ulionyoka. Pembe yake, basi, daima ni ndogo kuliko pembe mraba mbili. Digrii 180 kwake si pembe, na digrii 200 hata hazina jina. Sasa mtazamaji C na ahamie upande wa pili, akae juu ya tao dogo lililo karibu na A na B. Hapo ataziona alama hizo kwa pembe butu, tuseme digrii 100. Mara mbili ya 100 ni 200. Iko wapi pembe hiyo ya 200 katika kitovu? Mtu wa leo ataionyesha bila taabu: ni ile inayozunguka kwa nyuma, upande mrefu. Euclid hakuwa nayo. Kanuni ya 20, kwa maneno yake mwenyewe, ilinyamaza mahali hapo.

Kama ingalinyamaza peke yake, madhara yangalikuwa madogo. Ila ya 21 yasema juu ya kila kipande cha duara, kikubwa na kidogo, na uthibitisho wake wategemea ya 20. Kwa hiyo wafaa kipande kilichozidi nusu duara tu. Nayo ya 22 yategemea ya 21, hata pembenne ikiwa imesongamana yote upande mmoja wa duara, mahali ambapo ya 21 haijathibitishwa. Maneno ya kanuni zote ni ya kweli. Hakuna hata mchoro mmoja utakaoyakanusha. Lakini kazi ambayo Euclid alijitwika si kusema kweli tu, kwa maana hata Mbabeli alisema kweli. Ni kusema kwa namna ambayo kila neno limebebwa na lililotangulia. Kwa kipimo hicho, ambacho ni chake mwenyewe, hapa alipungukiwa. La ajabu ni kwamba katika kitabu cha sita, kanuni ya 33, anapolinganisha matao na pembe, yeye mwenyewe aruhusu pembe na matao kuzidishwa mara nyingi apendavyo mtu, bila ya kuweka mpaka po pote. Mlango alioufunga katika kitabu cha tatu aliupitia katika cha sita.

Aliyeutia udongo ufa huo alikuwa Heron, mtu wa Alexandria pia, wa karne ya 1 baada ya Kristo, anayejulikana zaidi kwa mitambo yake ya mvuke na ya maji. Sharhi yake juu ya Euclid imepotea kwa Kiyunani. Habari zake zimefika kwa njia ndefu. Vitabu vya Euclid vilitafsiriwa kwa Kiarabu na al-Hajjaj ibn Yusuf ibn Matar, kwanza katika utawala wa Harun al-Rashid na mara ya pili katika utawala wa al-Ma'mun, uliokwisha mwaka 833. Al-Nayrizi, aliyekuwa na asili ya Nayriz katika Uajemi na kufanya kazi Baghdad karibu na mwisho wa karne hiyo, aliandika sharhi juu ya tafsiri hiyo, na ndani yake akanakili maneno ya Heron. Nakala ya Kiarabu ya sharhi hiyo imehifadhiwa mjini Leiden, Uholanzi. Gerard wa Cremona, aliyefariki mwaka 1187, aliigeuza sharhi iyo hiyo kwa Kilatini. Bila ya Mwajemi huyo kuandika kwa Kiarabu, hakuna ambaye leo angejua kwamba Myunani aliuona ufa wa Myunani mwenzake.

Dawa ya Heron yafaa kusifiwa kwa adabu yake. Hakubadili maana ya pembe, wala hakumlazimisha mtu kuamini pembe ya digrii 200. Kile kilichobaki katika kitovu alikichukua kuwa pembe mbili, kila moja ndogo kuliko pembe mraba mbili, na akaonyesha kwamba jumla yao ni mara mbili ya pembe butu iliyo juu ya mzingo. Euclid angeweza kuyakubali hayo bila ya kufuta hata neno moja lake. Huko Glasgow, Robert Simson alipotoa chapa yake ya Euclid mwaka 1756, aliongeza katika kanuni ya 21 sehemu ya pili juu ya kipande kisichozidi nusu duara, akikigawa kwa kipenyo. Kitabu cha Simson kilitumika mashuleni kwa vizazi vingi, na wasomaji wengi walidhani sehemu ile ni ya Euclid mwenyewe.

Wakati wanazuoni wa sharhi walipokuwa wakitengeneza msingi, wanajimu walikuwa wamekwisha kuhamia ndani ya nyumba. Katika mji uo huo wa Alexandria, karibu na mwaka 150 baada ya Kristo, Ptolemy aliandika kitabu kikubwa cha elimu ya nyota ambacho Waarabu walikiita al-Majisti. Ndani yake mna jedwali la urefu wa kila upote, kuanzia tao la nusu digrii hata la digrii 180, kwa kupanda nusu digrii kila mara: mistari 360 kwa jumla, kipenyo kikichukuliwa kuwa sehemu 120. Upote wa tao la digrii 60 ni sehemu 60 kamili. Ule wa digrii 90 ni sehemu 84, na sehemu 51 za sitini, na 10 za sitini ya sitini. Ili kuupata upote wa tofauti ya matao mawili, alithibitisha kwamba katika pembenne iliyomo ndani ya duara, mistari miwili inayoikata kutoka pembe hata pembe, ikizidishwa, huwa sawa na jumla ya pande zinazokabiliana zilizozidishwa mbili mbili. Uthibitisho wote wasimama juu ya jambo moja: pembe zinazokaa juu ya tao moja ni sawa. Kanuni ya 21 ikiondolewa, jedwali halipo; na jedwali lisipokuwapo, Ptolemy hawezi kusema jua litakuwa wapi kesho.

Kanuni hiyo ilimganda Ptolemy hata ikaingia katika lugha yake. Kila alipokuwa na pembetatu yenye pembe mraba, aliizungushia duara, ili upande mrefu uwe kipenyo na pande nyingine ziwe pote za kutafutwa katika jedwali. Lakini pembe iliyo juu ya mzingo ni nusu ya tao lake, ilhali jedwali lazungumza juu ya matao. Basi Ptolemy alikuwa na digrii za namna mbili. Pembe moja aliiita 30, pembe mraba nne zikiwa 360, na pembe iyo hiyo aliiita 60, pembe mraba mbili zikiwa 360. Msomaji asiyejua asili yake hudhani mwandishi amechanganyikiwa, kumbe ni kanuni ya 20 inayosema kwa sauti yake.

Wahindi waliuondoa usumbufu huo kwa kukata upote katikati. Aryabhata, mwaka 499, alipanga jedwali la nusu za pote kwa nusu za matao, na kule kuzidisha mara mbili kukatoweka. Neno lao jya, lenye maana ya uzi wa upinde, lilipoingia katika Kiarabu liliandikwa kwa herufi zinazoweza kusomwa jaib, yaani mkunjo wa nguo kifuani. Walatini wakalifasiri hivyo hivyo, sinus. Tangu hapo pembe ya mzingo imefichwa ndani ya kila hesabu ya sinus, na wengi huitumia bila ya kujua kwamba ipo.

Sehemu ya mwisho ya habari hii ni ya watu waliotaka kujua walipo. Willebrord Snellius, mwalimu wa hesabu wa Leiden, alitoa mwaka 1617 kitabu juu ya kuupima ukubwa wa dunia kwa mfululizo wa pembetatu kutoka Alkmaar hata Bergen op Zoom. Humo alitatua swali la mahali pa nyumba yake mwenyewe, kwa kupima pembe baina ya minara mitatu ya mji. Mfaransa Pothenot alilieleza swali hilo tena mwaka 1692, na kwa muda mrefu likaitwa kwa jina lake, jambo ambalo si haki kwa Snellius. Njia yake yaeleweka kwa mtu ye yote anayeijua kanuni ya 21. Anayeona mnara A na mnara B kwa pembe ya digrii 40 hajui alipo, lakini ajua kwamba yu juu ya tao moja linalopita A na B. Akipima tena baina ya B na C, apata tao la pili. Matao hayo mawili hukutana kwenye B, na mahali pengine pamoja tu. Hapo ndipo alipo.

Mabaharia waliipenda njia hii kwa sababu ilitaka sekstanti tu, na haikujali kama dira imekosea. Wapima bahari walikuwa na chombo cha shaba chenye duara na mikono mitatu: waliweka pembe mbili, wakakilaza juu ya ramani mpaka mikono yote mitatu ipite katika alama zake, wakachoma nukta kwenye kitovu. Hata pembe moja peke yake ilikuwa na kazi. Kama mbele ya alama mbili za pwani pana miamba, baharia huchora duara linalopita katika alama hizo na kuizunguka miamba yote. Husoma pembe ya duara hilo, tuseme 50. Na maadamu pembe anayoiona chomboni ni ndogo kuliko 50, yu nje ya duara na miamba i ndani. Pembe ikikua kufikia 50, ageuze usukani upesi.

W. J. L. Wharton, afisa wa jeshi la maji la Uingereza aliyepima sehemu za pwani ya Afrika Mashariki katika miaka ya 1870, alitoa mwaka 1882 kitabu cha upimaji wa bahari ambacho mabaharia wa baada yake walijifunzia kazi hiyo. Ramani za pwani yenye miamba na vipwa kama hii zilijengwa kwa maelfu ya nukta za namna hiyo, kila moja ikiwa na kina cha maji na pembe mbili pembeni yake.

Na hapo kanuni ilionyesha ukali wake. Ikiwa chombo kimekaa juu ya duara lile lile linalopita katika alama zote tatu, matao mawili huwa duara moja. Hayakatani mahali pamoja, yamelaliana yote. Mpimaji apata pembe zake kwa usahihi mkubwa, aziweka katika mikono ya shaba, na chombo chake chateleza juu ya ramani kutoka mwisho mmoja wa tao hata wa pili, mikono ikipita katika alama wakati wote. Kila mahali panakubali. Kosa si la jicho wala la sekstanti: ni kwa sababu pembe zilizomo katika kipande kimoja cha duara ni sawa. Kwa hiyo mpimaji mwenye uzoefu, kabla ya kuinua sekstanti, huangalia kwanza alama zake. Hutaka zile tatu ziwe karibu na kunyooka katika mstari mmoja, au ile ya katikati iwe karibu naye kuliko nyingine, au yeye mwenyewe awe ndani ya pembetatu yao. Zisipokuwa hivyo, na duara likawa lapita chini ya mashua yake, huiacha alama moja na kutafuta ya nne.